Mauzo ya Jana Yalikuwa Shilingi Ngapi?

Hamjambo wenzangu. Ahsanteni kwa kufika na hili jua la Kisumu. Kabla hatujafungua kompyuta kuona jinsi ya kutoa ripoti kwenye hifadhidata, nina swali. Mtu ana kituo cha petroli kando ya barabara ya Busia. Mauzo yake ya jana yalikuwa shilingi ngapi?

Msiharakishe. Keshia atahesabu taslimu na M-Pesa iliyoingia. Mhasibu ataondoa VAT kwanza. Meneja atasoma mita za pampu, na humo mna dizeli waliyokopeshwa wenye matatu hadi mwisho wa mwezi. Majibu matatu, na hakuna aliyedanganya. Sasa leteni programu ya ripoti, iwe Power BI au Metabase. Mtapata ugomvi uleule, safari hii una grafu na rangi.

Ndiyo maana mimi huanza kwa kuwakalisha hao watatu meza moja hadi waandike wanachokiita mauzo. Wakishakubaliana, maana hiyo naifungia ndani ya hifadhidata yenyewe: swali la SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata, nililolihifadhi na kulipa jina, ambalo mtumiaji huliona kama jedwali la kawaida. Namba za simu za wateja sizitii humo. Tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na isitoshe, mhasibu anazitakia nini?

Mtumiaji wa ripoti apewe ruhusa ya kusoma tu. Hata hivyo, kusoma nako kuna gharama. Zamani niliunganisha ripoti moja kwa moja na seva ya mauzo. Jioni moja ya Jumamosi mtu akaitisha miamala ya mwaka mzima. Diski ikaelemewa, skrini za makeshia zikaganda, na foleni ya bodaboda ikafika barabarani. Niliyoyasikia siku hiyo siwezi kuyarudia mbele ya wazee. Siku hizi ripoti zangu husoma nakala iliyo kwenye seva nyingine. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, imekuwa na uwezo wa kuipeleka nakala hiyo mfululizo tangu 2010.

Lililonitesa kuliko yote ni saa. Seva nyingi huwekwa saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Lori la kwenda Uganda likijaza dizeli saa nane usiku, tarehe 1 Novemba, kwa seva bado ni saa tano usiku, tarehe 31 Oktoba. Pesa ya Novemba inalala Oktoba. Nilihangaika siku mbili nikiwashuku makeshia, na makosa yalikuwa yangu. Ugeuzeni muda uwe wa Nairobi palepale kwenye lile swali lililohifadhiwa, msimwachie kila mtengeneza ripoti ajigeuzie.

Kwa wale wa Metabase: ukiisakinisha ilivyo, ripoti zenu na orodha ya watumiaji hukaa kwenye faili dogo la H2, hifadhidata ndogo inayokuja nayo. Zihamishieni kwenye PostgreSQL mapema, na mfanye chelezo, yaani nakala ya akiba.

Naam, mama pale nyuma, nimeuona mkono. Kama mnaweza kuendelea kupakua kwenye Excel? Pakueni tu, mama, hata nikikataza mtapakua. Ila jina la faili liwe na tarehe na saa ya kupakuliwa, ili Jumatatu mtu asinipigie simu kwamba mfumo umekosea, kumbe ameshika takwimu za Alhamisi.