Bakshishi Ugenini: Nani Anamlipa Anayekuhudumia?

Habari za jioni, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu. Karibuni sana. Humu ukumbini wamo madereva wa utalii, wamo waliobeba mizigo mlimani, wamo wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, na wamo wazazi wanaojiandaa kwenda kuwatembelea watoto wao Marekani. Bakshishi si neno geni kwenu. Mtu wa Arusha au Moshi amekua akiisikia tipu, ila wengi wetu tunaijua kwa kuipokea. Jioni hii tuitazame tukiwa sisi ndio wageni, sisi ndio tumekaa kiti cha nyuma cha teksi, sisi ndio tunasubiri bili.

Nianzie lango la Mweka, wanaposhukia wapanda Mlima Kilimanjaro, maana wote tunalijua. Mgeni ameshuka kutoka kileleni, amechoka na ana furaha, anatoa bahasha moja nene na kumkabidhi kiongozi mkuu. Wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, wamesimama nyuma, hawajui ndani mna kiasi gani wala fungu la kila mmoja ni lipi. Mgeni yule hakuwa mchoyo. Alichokosa ni utaratibu: hakutaja mbele ya wote kwamba mpishi anapata hiki, kila mgumu anapata hiki. Fedha zimetolewa kwa moyo mweupe na bado zimeacha manung'uniko. Nasi tukifika kwa watu tunakosea vivyo hivyo, kwa kutojua na si kwa ubahili.

Sasa, kabla hujaingiza mkono mfukoni, jiulize swali moja: huyu mtu mshahara wake anaulipa nani? Ukishalijibu hilo, kiasi cha kutoa na namna ya kukitoa utakijua bila kuhangaika.

Chukueni Marekani. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida cha shirikisho ni dola 7.25. Ile tofauti katikati inategemewa itoke kwa wateja, na isipotimia ndipo mwajiri anatakiwa kuijaza. Yapo majimbo kama California na Washington ambako mhudumu hulipwa kima kamili kwanza, lakini hata huko desturi ya kutoa haijabadilika. Ndiyo maana asilimia 18 hadi 20 mezani kule haihesabiwi kuwa zawadi. Ukiinuka na kuondoka bila kuacha kitu, kwa macho yao umemkata mtu mshahara, hata kama ulimshukuru mara kumi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karatasi ya malipo ya Marekani inawachanganya watu wetu wengi. Tuseme umekula New York, chakula ni dola 48.00. Kodi ya mauzo ya mji ule ni asilimia 8.875, kwa hiyo inaongezeka dola 4.26. Bili inasoma 52.26. Unatoa kadi, mhudumu anaondoka nayo, anarudi na karatasi mbili na kalamu. Chini ya ile 52.26 utaona mistari miwili mitupu: wa kwanza ni wa bakshishi, wa pili ni wa jumla. Asilimia ishirini unaipata bila kikokotoo: sogeza nukta ya 48.00 hatua moja kushoto upate 4.80, kisha zidisha mara mbili, 9.60. Piga hesabu kwa bei ya chakula, kodi iache pembeni. Andika 9.60 mstari wa kwanza, andika 61.86 mstari wa pili, tia sahihi, acha nakala ya mgahawa mezani na nyingine ondoka nayo. Jumla iandike mwenyewe, usiiache wazi. Na kama bakshishi umeiacha taslimu, piga mstari kwenye ile nafasi ili asije mtu akaijaza.

Kinachofuata kinawatia watu hofu. Simu inaleta ujumbe wa benki: umekatwa 52.26. Baada ya siku moja au mbili, taarifa ya akaunti inaonyesha 61.86, na mtu anapiga simu benki akisema ameibiwa. Hajaibiwa. Kiasi cha kwanza ni kile benki ilichozuia kadi ilipopitishwa, kabla hujaandika bakshishi. Cha pili ndicho malipo yenyewe. Ile nakala yako ndiyo itakayokutuliza, itunze mpaka urudi nyumbani. Jambo jingine la kuangalia: mkiwa kundi, mara nyingi kuanzia watu sita, mgahawa huweza kuwa umeshaongeza bakshishi wenyewe. Soma bili mstari kwa mstari kabla ya kuandika chochote, usije ukalipa mara mbili.

Dereva wa teksi kule hupewa asilimia 15 hadi 20. Ukiita gari kwa programu ya simu, nafasi ya kuongeza bakshishi inafunguka baada ya safari, basi usiifunge simu haraka. Anayekubebea begi hotelini ni dola moja hadi mbili kwa kila begi. Na yule anayetandika kitanda, ambaye wageni wengi humsahau kwa kuwa hawamwoni, dola mbili hadi tano kwa usiku.

Huyu wa kitanda anahitaji uangalifu wa pekee. Usisubiri siku ya kuondoka. Wafanya usafi hupokezana zamu, kwa hiyo aliyesugua bafu lako siku nne anaweza kuwa mapumzikoni siku ya tano, na bahasha ikaangukia mikononi mwa mtu ambaye hajakushikia hata taulo. Acha kila asubuhi. Wala usitupe noti juu ya meza katikati ya funguo na chaja. Mfanyakazi mwaminifu ataipita, maana akiigusa anaweza kuambiwa mwizi. Iweke juu ya mto, na chini yake karatasi yenye neno la asante kwa lugha ya pale. Hapo anajua ni yake.

Tuvuke bahari. Ufaransa sheria inataka ada ya huduma iwe ndani ya bei unayoisoma kwenye orodha ya vyakula. Sarafu ya yuro moja au mbili ni ishara ya kuridhika, na usipoacha kitu hakuna atakayekununia. London utakuta asilimia 12.5 imeshaandikwa chini ya bili. Ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe kama hukuhudumiwa vizuri, na tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri azifikishe fedha hizo zote kwa wafanyakazi. Ukiilipa, basi, usiongeze tena.

Ujerumani kuna mtego wa neno moja. Mhudumu anakuja mezani na bili ya yuro 27.40, unampa noti ya hamsini huku ukisema "danke", yaani asante, kama tulivyofundwa. Yeye anaweza kuelewa kwamba chenji ni yake. Kule unataja jumla unayotaka ikatwe: unasema thelathini, naye anakurudishia ishirini. Tena unampa mkononi. Kuacha fedha mezani na kuondoka si mtindo wao.

Japani msitoe. Wenyewe wanaona huduma nzuri ni wajibu ulio ndani ya bei, na ukiacha noti mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani kukurudishia, akidhani umesahau. China nako, ndugu zangu wa Guangzhou, dereva wa teksi na mhudumu wa mgahawa wa kawaida hawategemei chochote. Kiongozi wa kikundi cha watalii wa nje ndiye aliyezoea kupewa.

Dubai ni katikati. Mita ya teksi ikisoma dirhamu 22, toa 25 mmalizane. Wa mizigo, dirhamu tano hadi kumi. Mgahawani ile ada ya huduma iliyo kwenye bili si lazima imfikie aliyekuletea sahani, kwa hiyo akikuhudumia vizuri mpe kitu kidogo mkononi. Afrika Kusini mhudumu wa mgahawa ni asilimia 10 hadi 15, na kituo cha mafuta kuna kijana anayejaza na kufuta kioo. Mkumbukeni kwa randi tano au kumi.

Wapo wanaokwenda India kwa matibabu, na hili naliomba mlisikilize kwa makini kwa sababu mtu mwenye mgonjwa hutaka kumpa kila anayemgusa. Hospitali nyingi zinakataza wafanyakazi kupokea fedha, na kwa kumpa unaweza kumtia matatani. Ulizeni mapokezi siku ya kwanza. Kama hairuhusiwi, barua ya shukrani yenye jina la muuguzi na wodi yake, ikipelekwa kwa uongozi, inamfaa zaidi. Dereva mliyemkodi kwa siku nzima ni mwingine kabisa, huyo mpeni rupia 200 hadi 300 kwa siku, pembeni ya bei mliyopatana.

Sasa fedha yenyewe. Wagumu wanajua uchungu wa kupewa sarafu za yuro: maduka ya kubadilishia fedha hapa mjini hayapokei sarafu. Wanajua pia noti ya dola iliyochanika au ya toleo la zamani inavyokataliwa, na noti ndogo zinavyobadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya mia. Ukimwachia mfanya usafi wa Istanbul noti yetu ya elfu kumi, umemfanyia hivyo hivyo. Toa fedha ya nchi uliyopo. Noti ndogo huwezi kuzitegemea kutoka huku, kwa hiyo ukitua tu nunua maji kwa noti kubwa, uvunje, kisha noti za bakshishi uziweke mfuko wa peke yake. Hutaki kupekua mkoba mzima mbele ya dereva huku foleni ya teksi inakupigia honi.

La mwisho, halafu tuingie kwenye maswali. Sisi tuna neno "chai", nalo limechanganya mambo mawili. Bakshishi anapewa mtu wa huduma, baada ya kazi, kwa jambo ambalo angelifanya hata bila hiyo. Askari, ofisa wa uhamiaji, ofisa wa forodha, hao hawamo, na kule unaweza kulala ndani kwa noti moja. Wengi wetu tuna mazoea ya kuficha dola katikati ya kurasa za pasipoti. Kabla hujafika dirishani, ukiwa bado kwenye mstari, ifungue pasipoti, toa noti zote na vikaratasi vyote, hata vile vya ndani ya jalada, ndipo umkabidhi.