Usiandike "Amani" Kwenye Kibao

Leo nasema juu ya kumbi za kukutanisha watu waliogombana, na naanza pale ninapoanzaga siku zote. Walionisikia mwaka jana wanivumilie.

Bujumbura, Burundi, mitaa ya kaskazini. Kituo cha Vijana Kamenge kilifunguliwa 1993, na Oktoba mwaka huohuo Rais Ndadaye akauawa. Yaliyofuata mnayajua: vita, Wahutu na Watutsi. Kamenge ikawa ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi, na kukosea njia tu kuliweza kukutoa roho. Kituo kile kilivuka vita, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood, ile wanayoiita Nobel mbadala.

Sasa nauliza: vijana walifuata nini pale? Maridhiano? Tuwe wakweli jamani. Walifuata mpira, maktaba, kozi ya kompyuta. Mkigombania kitabu kimoja cha hesabu wiki tatu, unashtukia unamjua hadi jina la mama yake.

Mimi nimewahi kukaa kwenye kamati ya ukumbi wa namna hii, mahali sitapataja. Kibao kikubwa, herufi za buluu: Ukumbi wa Amani na Maridhiano. Tulifungua kwa hotuba tano na soda. Lango tukalielekeza upande wa mwenyekiti, na funguo zikawa zinaning'inia msumarini sebuleni kwake. Wa upande wa pili hawakuja. Tukaitisha warsha: wakaja, wakasaini, wakachukua posho, wakaenda zao. Miezi minane hivyo! Kisha fundi akavuta bomba la maji nyuma ya jengo, tena kwa ajili ya choo tu. Kesho yake kina mama wa pande zote wako foleni na ndoo. Walisutana, sikatai. Lakini mtu usiyesemeshana naye utamsutaje? Sisi wanakamati tulikuwa ndani, tunajadili ajenda ya maridhiano.

Namwona mzee pale mbele anatikisa kichwa: mpira nao huleta ugomvi. Huleta, mzee wangu, ukiupanga mtaa huu dhidi ya mtaa ule. Changanya timu. Kipa akitoka kwao na beki kwetu, mashabiki wamzomee nani?

Nilikuwa na la hati ya kiwanja na la mshahara wa mlinzi mfadhili akishaondoka, ila naonyeshwa saa. Basi: hati isiwe kwa jina la mtu. Mlinzi, mtamlipa wenyewe. Na funguo ziwe seti mbili, moja kila upande.

Haya, maswali. Wewe mama wa kanga nyekundu, anza.