Tuivunje 4294967297 kwa chaki tu (chunga sifuri mbili!)

Haya jamani, hamjambo? Niko hapa Jinja, Uganda, chaki ninayo, nyie shikeni daftari muandike hii: 4294967297. Imetokaje? Chukua 2 uizidishe kwa yenyewe hadi ziwe 2 thelathini na mbili, halafu ongeza 1. Fermat, yule mwanasheria wa Ufaransa aliyependa sana hesabu, mwaka 1640 aliamini hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, maana wadogo zake 3, 5, 17, 257 na 65537 (za 2 moja, mbili, nne, nane na kumi na sita zikizidishwa, ongeza 1) wote tasa. Hata mimi ningeamini.

Sasa tutafute namba tasa inayoigawanya bila baki, ila usianze na 3, 7, 11, utakesha bure. Euler, mwanahisabati wa Uswisi, ndiye aliyeifungua 1732, akaona kigawanyo tasa chochote cha hii namba ukikigawanya kwa 64 lazima kibaki 1. Kwa hiyo unaruka 65, 129, 193 hivyo hivyo, zisizo tasa unafuta, unabaki na 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu banange! Hapo ndipo ninapompendea huyu mzee. Nne za kwanza zinagoma, mfano 449 inabakiza 325, mtajaribu wenyewe nyumbani.

Twende na 641. Kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9, inakuwa 4489, mara 7, baki 2. Simama hapo! Shusha 6, unapata 26, 641 haiingii, ANDIKA SIFURI JUU. Shusha 7, unapata 267, bado haiingii, andika sifuri nyingine. Mbili, sio moja. Mimi niliziruka zote mbili mbele ya darasa la S3 (sekondari mwaka wa tatu) nikapata 67417, nikazidisha kurudi nyuma ikaja milioni 43 wakati tulianza na bilioni 4, kipindi kizima kikaishia hapo. Sitaki yakukute.

Ngoja, simu imeteleza, mnaona dari… haya, imekaa. Tulikuwa kwenye sifuri. Umeandika zote mbili? Hesabu tena.

Shusha 2, 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9, 1089, mara 1, baki 448, na hii 448 si tuliiona kule mwanzo? Imerudi! Shusha 7 ya mwisho, 4487, mara 7 kamili, baki 0. Mimi hapa kila mara nasisimka.

Jibu 6700417, kati yake sifuri mbili zimekaa, na yenyewe ni tasa kwa hiyo hatuendelei. Angalia pia 641 yenyewe: 625 na 16, yaani 5×5×5×5 na 2×2×2×2, halafu tena ni 5 mara 128 ongeza 1. Namba nzuri hii jamani.

Chati za namba tasa hadi 1000 nazichora kwa mkono kwenye manila, 641 naipaka nyekundu, anayetaka aandike kwenye komenti.