Kuhamia LibreOffice na Mafaili Yako Yote

ZENA: Haya, karibuni tena kijiweni. Hamisi, nasikia kule stesheneri kwako umeachana na ile Microsoft Office ya kukraki.

HAMISI: Nimeikimbia, dada. Virusi kila wiki, flashi ya mteja inaingia safi inatoka inaumwa. Mashine ya kaunta nimeiwekea Ubuntu badala ya Windows, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, basi.

ZENA: Na mafaili? Maana wewe una barua za watu tangu enzi za Kikwete.

HAMISI: Hapo ndipo nilipoogopa. Kumbe bure tu. Faili la docx la Word au xlsx la Ekseli linakaa kwenye diski, halimo ndani ya programu. Nililihamisha folda zima, na LibreOffice ikayafungua, hata zile doc za kizamani.

ZENA: Kufunguka sawa. Yanafunguka vilevile?

HAMISI: Eeh, hapo sasa! Siku ya pili kaja kijana na CV, ukurasa mmoja, kaipanga ikapangika. Nafungua: mdhamini wa tatu kashukia ukurasa wa pili, yuko peke yake kule. Kijana ananitazama kama nimemwibia.

ZENA: (anacheka) Fonti hiyo, mtindo wa herufi.

HAMISI: Fonti. Aliiandika kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft, kwenye Ubuntu haipo. Mbadala wake ni Carlito: kila herufi ina upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwangu haikuwemo. Nikaipakua, nikafungua upya, mdhamini akapanda juu. Cambria nayo ina Caladea, Times New Roman ina Liberation Serif.

ZENA: Mimi yangu ilikuwa hesabu za kikoba. Faili la Ekseli lina kitufe, ukikibofya kinapiga riba ya kila mwanachama. Kwenye Calc, ile Ekseli ya LibreOffice, nabofya, kimya. Akina mama wamekaa wanasubiri gawio!

HAMISI: Makro, yale maagizo yanayojiendesha ndani ya faili.

ZENA: Makro. LibreOffice inazielewa baadhi tu. Nikaandika upya kwa fomula za kawaida, jioni nzima, na kusema kweli sasa ninaielewa riba yenyewe. Halafu kuna fomula ya XLOOKUP, ya kutafuta kitu kwenye jedwali: imeingia Calc kwenye toleo la 24.8, Agosti 2024. Ukiwa na toleo la nyuma ya hapo, utaona makosa matupu.

HAMISI: Ndiyo maana nawaambia wateja, usifute Office ya zamani siku hiyohiyo. Kwenye Windows zote mbili zinakaa pamoja bila ugomvi. Chukua faili lako gumu kuliko yote, lenye makro au majedwali ya ajabuajabu, litolee nakala, ujaribu hiyo nakala.

ZENA: Na kusevu je? Mtu katuma odt, faili la LibreOffice yenyewe, kwa bosi, bosi anafungua kwenye simu, hakuna kitu.

HAMISI: Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kupakia na kuhifadhi, uiambie isevu docx siku zote. Ya kuchapa, toa PDF. Mimi ya kwangu binafsi natunza kwa odt, ni kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, tangu 2006, hakuna kampuni itakayonifungia mlango.

ZENA: Wewe unaongelea 2006. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, yenye menyu zote Kiswahili. LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyohiyo, walitengana 2010. Mimi niliandikia insha zangu za chuo humo, zikawa zinasevu sxw.

HAMISI: Sxw! Nani anafungua hiyo leo?

ZENA: Juzi nimekuta sidii kabatini, nikaiweka. LibreOffice ikafungua bila hata kuuliza.

HAMISI: Imekuja nzima?

ZENA: Nzima. Mpaka pale nilipoandika "utandawizi" kwenye kichwa cha insha.