Meya wa kupanga nusu nyumba

Haya kaeni jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunamwongelea Calvin Coolidge, wengi mnamjua kama rais wa Marekani ila huyo rais mimi leo simtaki, namtaka wakili wa Northampton, kamji tu huko Massachusetts.

Kwanza chuo cha sheria hakukanyaga. Alimaliza chuo cha Amherst 1895 akaenda kukaa kwenye ofisi ya mawakili wawili, Hammond na Field, anasoma vitabu vyao anaangalia wanavyopiga kazi, 1897 akawa wakili, mwaka uliofuata akafungua ofisi yake. Kesi zake za biashara biashara hivi, na aliona mteja anasaidika zaidi akimalizana na mwenzake nje ya mahakama. Mawakili mliomo humu msigune.

Siasa akaanzia udiwani usio na mshahara, halafu mwanasheria wa mji, dola 600 kwa mwaka. 1905 akamuoa Grace Goodhue, mwalimu wa shule ya viziwi hapo hapo mjini, na walivyoonana ndo kituko chenyewe, Grace yuko nje anamwagilia maua, kuinua macho dirishani anamuona mwanaume ananyoa ndevu huku kavaa kofia! Akacheka hadi jamaa akageuka. Baadaye akajitetea eti nywele zilikuwa zinamwangukia usoni. Mwaka huo huo akagombea kamati ya shule, akabwagwa. Jirani akamwambia kura yangu sikukupa, wewe huna mtoto shuleni, naye akajibu si mngenipa muda kwanza.

Umeya akaupata 1909, kura 1,597 kwa 1,409, yaani watu 188 tu ndo waliomvusha. Kaingia Januari 1910, na hapa ndo ninapopapenda, mwaka wa kwanza huo huo walimu wakaongezwa mshahara, deni la mji likapungua, na kodi ikashuka kidogo. Vyote vitatu! Mtu akiniahidi hivyo leo nashika pochi yangu kwanza. Lakini huyu alikuwa mbahili kweli, hata kwake alikuwa amepanga nusu nyumba Massasoit Street, ukuta kwa ukuta na familia nyingine.

Na alipotoka Ikulu 1929 akarudi hapo hapo kwenye nusu yake. Shida akikaa barazani watu wanapita na magari polepole kumchungulia, mwaka uliofuata ndo akanunua nyumba yenye geti.