Mradi wa wazee tayari tunao, unaitwa jumuiya

Bwana Yesu asifiwe! Asanteni, kaeni. Na nyie wazee wangu mliojipanga nyuma kabisa karibu na mlango, najua kwa nini mmekaa huko, nitafika hapo.

Nimeambiwa niongelee mradi wa afya ya wazee usharikani na kuna mtu ameshaniuliza bajeti ya tisheti. Mi sina mpango na tisheti. Tunajuana, tarehe 1 Oktoba ikifika, siku ya wazee duniani, tunawaita, kilo ya sukari, sabuni, pilau, picha za kurusha kwenye grupu, halafu tarehe 2 bibi yuko mgombani kwake peke yake mpaka Oktoba nyingine. Presha haina Oktoba.

Na msiseme hili ni jambo la wafadhili. Someni Matendo sura ya 6, kanisa bado changa kabisa na tayari watu wananung'unika kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Kila siku jamani, sio kila mwaka! Wakateuliwa watu saba kwa ajili ya hiyo kazi. Timotheo wa kwanza sura ya 5 kuna mpaka daftari, mjane anaandikwa akishafika miaka 60, na sera yetu ya taifa ya wazee ya 2003 nayo inaanzia hapohapo 60. Sasa daftari letu liko wapi? La ahadi za mavuno lipo, tena limepigwa chapa vizuri.

Kuna mchungaji Mlutheri wa Marekani, Granger Westberg, katikati ya miaka ya 1980 alishirikiana na hospitali moja ya Kilutheri pale Park Ridge, Illinois, wakaweka manesi kwenye makanisa. Hawakuchoma sindano, kazi yao ilikuwa kusikiliza, kufundisha, kumwelekeza mtu hospitali na kumfuatilia. Walianza na manesi sita tu. Sisi manesi wastaafu tunao, wengine wako humuhumu kwenye kwaya.

Kwa hiyo ninachosema ni kwamba tusianzishe kitu kipya. Jumuiya, yaani majirani wa usharika wanaosali pamoja nyumbani, inakutana kila wiki, inajua nani kaumwa, nani watoto wake wote wako Dar wanatuma hela kwenye simu lakini hana wa kula naye. Nunueni mashine ya kupimia presha, ile inayofungwa mkononi juu ya kiwiko, ya betri, izunguke na jumuiya. Ila mpime vizuri, maana naona watu wanapima bibi katoka kupanda mlima anahema, kavaa sweta, anaongea, wanaandika 170 wanamtia hofu bure. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini asiipishanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, pima mara mbili. Ikiwa inarudi 140 kwa 90 na kuendelea wiki baada ya wiki, aende kliniki na mtu amsindikize. Ikifika 180 kwa 120 ukirudia bado hivyohivyo, siku hiyohiyo hospitali, na kama kifua kinabana au mdomo umepinda msingoje hata sala ya mwisho.

Mazoezi nayo rahisi, kabla ya neno pigeni mapambio mawili, mzee ainuke kutoka kwenye kiti na kukaa tena bila kushika, asiyeweza ashike. Miguu ikiwa na nguvu haanguki hovyo, na mzee akivunjika nyonga huku kwetu milimani mnajua inavyoishaga.

Haya, sasa nyie wa mlangoni. Kuna dawa ya presha inayokojosha, na wazee wetu wengi Jumapili hawaimezi kwa sababu ibada ni masaa matatu, choo kiko bondeni, ngazi hazina pa kushika, na ukifika ni cha kuchuchumaa, goti lenyewe ndio hilo. Mtu anaruka dawa ili aweze kuabudu! Hapo hakuna semina itakayosaidia. Kamati ya ujenzi, kabla ya mnara naomba choo kimoja cha kukaa, karibu, chenye bomba la kushikia ukutani. Na mchungaji akitaka kutangaza kwamba kutoka katikati ya mahubiri si dhambi, nitashukuru.

Wale wasiofika kabisa, mwinjilisti akienda kuwapa Chakula cha Bwana nyumbani aende na mtu wa mashine, aangalie na dawa zimebaki ngapi. Matibabu ya wazee wasio na uwezo hospitali za serikali ni bure kisera, lakini dirishani wakiambiwa dawa hakuna wakanunue nje, bibi anarudi kimya. Diakonia, idara yetu ya kuhudumia wahitaji, iweke kifuko kidogo kwa ajili ya hapo.

La mwisho na najua litaudhi. Kuna watu wanapita nyumbani kwa wazee wanawaambia umeshapokea uponyaji, tupa vidonge. Kiongozi wa jumuiya ukisikia hivyo uende siku hiyohiyo, usisubiri kikao. Ombeeni wazee, na mimi naomba nao, lakini anayemwachisha au kumbadilishia mtu dawa ni daktari, baada ya kupima, sio mtu wa maombi na wala sio mimi.

Haya, maswali. Mama kule nyuma ameshanyoosha mkono muda mrefu.