Sentensi ya Kwanza Inajua Nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Miswada mingi ninayoletewa hapa Moshi huanza na jogoo akiwika, jua likichomoza na Kibo iking'aa. Mandhari hayo nayapenda. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeyatazama, kwa hiyo msomaji naye hana sababu ya kuyatazama.

Sikilizeni Gabriel García Márquez alivyoanza riwaya yake ya mwaka 1967, Cien años de soledad, yaani Miaka Mia Moja ya Upweke. Miaka mingi baadaye, mbele ya kikosi cha kumpiga risasi, Kanali Aureliano Buendía angeikumbuka alasiri ile baba yake alipompeleka kuiona barafu. Miaka mingi baada ya nini? Hatuambiwi. Lakini tayari tunaye mtoto anayeshangaa, mtu mzima anayengoja kifo, na msimulizi anayewajua wote wawili. Barafu, ambayo sisi tunaiona mlimani kila mawingu yakifunguka, kwa mtoto yule ni muujiza. Tunasoma kurasa nyingi tukingoja risasi zilie, halafu kanali anaokolewa! Rudini mkaangalie: sentensi ile haikusema popote kwamba alikufa.

Hata hivyo, mwanzo ninaoupenda zaidi ni wa Chinua Achebe katika Things Fall Apart ya 1958, ambayo Clement Ndulute alitutafsiria kwa jina la Shujaa Okonkwo. Unaanza kwa utulivu kabisa. Okonkwo anajulikana katika vijiji vyote tisa na hata nje yake. Akiwa na miaka 18 alimwangusha mwanamieleka Amalinze, ambaye kwa miaka saba mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi. Hapo hakuna fumbo wala bunduki. Ni sauti ya wanakijiji wakimsifu mtu wao. Sasa nendeni ukurasa wa mwisho. Okonkwo amejinyonga, na mkuu wa wilaya, Mzungu, anafikiria kumwandikia aya moja kitabuni mwake. Aya moja, kwa mtu aliyevuma vijiji tisa! Bila sifa zile za mwanzo, aya hiyo isingetuchoma hivi.

Bibi akisema "Paukwa", hadithi nzima anayo kichwani. Ndiyo maana nawasihi: malizeni riwaya kwanza, kisha mrudi kuuandika upya ukurasa wa kwanza.

Haya, toeni miswada. Tuanze na dada pale karibu na mlango. Tusomee sentensi yako ya kwanza, kisha utuambie hadithi inaishaje.